DC: herufi mbili, fani nyingi. Maana zipi ziingie katika faharasa?

Msarifu aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninaandaa faharasa ya vifupisho kwa ajili ya wafasiri wachanga wanaopokea nyaraka za serikali, za ufundi na za afya, ambao wanatakiwa kuzitoa zikiwa katika Kiswahili kinachosomeka. Vifupisho vingi vina fani moja na vinatulia humo, lakini DC haitulii. Katika karatasi zilizo mezani kwangu sasa hivi kuna tangazo la ajira za walimu linalotaja kituo cha kazi kuwa Moshi DC, kuna habari ya gazeti inayoanza kwa maneno "DC Moshi amewataka wananchi", kuna mwongozo wa kontrola ya chaji ya sola unaoonya kwamba kifaa hicho ni cha 12 V DC pekee, na kuna muhtasari wa matibabu wa mgonjwa aliyelazwa ng'ambo, wenye herufi D/C zilizoandikwa kwa mkono juu ya orodha ya dawa.

Sitafuti orodha ndefu kuliko zote, kwa kuwa orodha ya namna hiyo mtu huipata mtandaoni kwa dakika moja na asifaidike nayo. Ninataka kujua mambo mawili kutoka kwa watu wanaokitumia kifupisho hiki kazini. Kwanza, katika fani yenu DC ina maana gani hasa, na je, kuna hatari yoyote mtu akiielewa vibaya? Pili, msomaji asiye wa fani hiyo atazame alama gani katika maandishi ili aitambue maana bila kupiga simu kuuliza? Baadhi ya wafasiri ninaofanya nao kazi wanashauri kwamba kifupisho kiachwe kama kilivyo kila mahali ili kukwepa lawama. Mimi ushauri huo nauona kuwa ni uvivu uliovaa miwani, lakini niko tayari kusikia utetezi wake.

KaraniMstaafu alijibu:

Ndugu Msarifu, salaam zimefika. Nilitumikia serikali za mitaa hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa utawala wa Tanzania Bara, ambako mkanganyiko ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu maana mbili za DC zinaishi katika wilaya moja na mara nyingi katika barua moja.

Maana ya kwanza ni Mkuu wa Wilaya. Huyu ni mtu, huteuliwa na Rais na humwakilisha wilayani, na mtendaji wake mkuu ni Katibu Tawala wa Wilaya, yaani DAS. Maana ya pili ni Halmashauri ya Wilaya, chombo chenye madiwani, mwenyekiti anayechaguliwa na madiwani hao miongoni mwao, na Mkurugenzi Mtendaji anayejulikana kama DED. Kwa Kiingereza cha ofisini majina yote mawili yanaanza na neno la wilaya na kufuatiwa na neno linaloanza na C, la kamishna kwa yule mtu na la baraza kwa kile chombo, na hapo ndipo herufi zinapogongana.

Makarani hutofautisha kwa mpangilio wa maneno. Herufi zikitangulia jina la mahali, anatajwa mtu. Zikilifuata, kinatajwa chombo. DC Moshi ni Mkuu wa Wilaya ya Moshi. Moshi DC ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, na huandikwa hivyo ili isichanganywe na Moshi MC, ambayo ni ya manispaa, kama vile Njombe DC inavyotofautishwa na Njombe TC, ambayo ni halmashauri ya mji, na Mbeya DC inavyotofautishwa na Mbeya CC, ambayo ni ya jiji. Mwalimu aliyepangiwa Moshi DC akaenda kuripoti kwa Mkuu wa Wilaya atapokewa kwa heshima na kuelekezwa kwa Mkurugenzi, kwa hiyo hasara yake ni nauli tu.

Mfasiri ajihadhari zaidi na wilaya zenye halmashauri zaidi ya moja. Wilaya ya Arumeru ina Mkuu wa Wilaya mmoja na halmashauri mbili, Arusha DC na Meru DC, wala hakuna halmashauri inayoitwa Arumeru DC. Wilaya ya Kahama ina Manispaa ya Kahama, Msalala DC na Ushetu DC. Hivyo DC Kahama yupo, lakini Kahama DC haimo katika orodha ya halmashauri za sasa. Anayefasiri kwa kufuata herufi anaweza kuiandikia barua ofisi isiyo na jengo, wala mhuri, wala mtu wa kuipokea.

Historia nayo inachekesha kidogo. Wakati wa Waingereza DC alikuwa mtawala wa wilaya, chini ya PC wa jimbo. Mwaka 1962 Tanganyika huru ikabadilisha vyeo, majimbo yakawa mikoa, na aliyeshika nafasi ya DC akaitwa kwa Kiingereza Area Commissioner, yaani AC, ilhali Kiswahili kilimwita Mkuu wa Wilaya. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamtaja kwa jina la District Commissioner. Mafundi wa umeme waliomo humu watanisamehe nikisema kwamba cheo hicho kilitoka DC kikaenda AC kikarudi DC bila kupitia kwenye inveta yoyote, kile kifaa cha kugeuza umeme wa DC kuwa wa AC. Halmashauri za wilaya nazo zilifutwa mwaka 1972, wakati wa Madaraka Mikoani, zikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Kwa hiyo anayefasiri waraka wa mwaka 1975 akakuta DC, asikimbilie kuandika "Halmashauri ya Wilaya" kana kwamba ilikuwapo na inafanya kazi wakati ule. Atazame kwanza kama mwandishi anasimulia mambo ya nyuma.

Kuhusu swali lako la pili, Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuliko Kiingereza. Mtu huchukua upatanisho wa mtu: DC ameagiza, DC wa Moshi, DC aliyehamishwa. Chombo huchukua upatanisho wa kitu: DC imetangaza zabuni, DC iliyopata hati safi. Kiambishi kimoja kinamaliza shauri ambalo Kiingereza kinaliacha wazi.

Mpita_Busia alijibu:

Shikamoo Mzee Karani. Mimi ninasafirisha mizigo kati ya Kenya na Uganda, na ningependa Ndugu Msarifu asiyafungie maelezo hayo katika nchi moja, kwa sababu faharasa yake itasomwa pande zote za mpaka.

Kenya ilikuwa na DC wake, chini ya PC wa mkoa na juu ya DO wa tarafa. Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti 47, ambazo serikali zake zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na utawala wa mikoa ukapangwa upya. Kazi nyingi alizokuwa nazo DC sasa ziko kwa naibu kamishna wa kaunti, ambaye kifupisho chake ni DCC. Wazee bado husema "nenda kwa DC" wanapokuelekeza ofisini, na wote huelewana. Kwa hiyo waraka wa Kenya wenye DC wa cheo hicho una tarehe ndani yake: ama ni wa kabla ya mabadiliko hayo, ama unanukuu maneno ya watu.

Uganda ndiko kwenye mtego mkubwa zaidi. Huko mwakilishi wa Rais katika wilaya huitwa RDC, kwa kuwa mbele ya District Commissioner limeongezwa neno la ukaazi, na cheo chake kimetajwa katika ibara ya 203 ya Katiba ya mwaka 1995. Ukivuka mpaka mwingine kuelekea magharibi, RDC si mtu tena bali ni nchi. Ndivyo Kifaransa kinavyoifupisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ndivyo Waswahili wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanavyoiandika, wakati Kiingereza huigeuza kuwa DRC. Katika shughuli za mpakani unaweza kukutana na RDC zote mbili katika siku moja.

Upatanisho wa Mzee Karani unafanya kazi vizuri hapa: RDC amezuia malori, RDC imezuia malori. Tatizo ni kwamba habari ikiandikwa kwa Kiingereza na kumfikia mfasiri, upatanisho haupo bado. Yeye ndiye atakayeuchagua, na akiuchagua vibaya atakuwa amehamisha uamuzi wa ofisa mmoja wa wilaya na kuufanya msimamo wa dola jirani. Katika habari za mpakani hilo si kosa la kisarufi tu.

FundiMkondo alijibu:

Ninashukuru kwa somo la utawala, lakini Ndugu Msarifu asiuchukulie upatanisho kuwa ufunguo wa milango yote. Katika kazi zetu kila kitu huchukua upatanisho uleule wa halmashauri: DC inatoka kwenye paneli, DC inaingia kwenye inveta. Kwetu sisi alama ni tarakimu na kipimo kinachokaa jirani na herufi. Ukiona 12 V DC, 48 V DC au 10 A DC, hapo hakuna Mkuu wa Wilaya. Kwenye mita na kwenye vibandiko vya vifaa unaweza usione herufi kabisa, bali ukaona mstari ulionyooka wenye vistari vifupi chini yake, na kwa AC ukaona alama ya wimbi.

Maana yenyewe ni mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, kama ule wa betri na paneli ya sola. AC ni mkondo geu, ambao kwa umeme wa gridi yetu wa 230 V hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Hatari ambayo watu wengi wanaijua ni kuchomeka kifaa cha 12 V DC kwenye soketi ya ukutani, na matokeo yake hayahitaji maelezo. Hatari wasiyoijua iko kwenye swichi za kukatia umeme, ambazo mafundi tunaziita breka. Mkondo geu hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo breka inapofunguka ile cheche kati ya ncha zake mbili hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo mnyoofu haupiti kwenye sifuri, na cheche huweza kuendelea kuwaka hadi breka yenyewe ikayeyuka. Ndiyo maana breka iliyotengenezwa kwa AC pekee haifai kufungwa kwenye nyaya zinazotoka kwenye paneli, hata kama tarakimu za ampia zinalingana. Mfasiri anayeliacha neno DC lidondoke katika mwongozo kwa kuona kwamba "umeme ni umeme" anaweza kuchangia moto.

Kwa sababu hiyo mimi ninawatetea wale wenzako wenye miwani. Andika "mkondo mnyoofu" mara moja, penye maelezo, kisha iache DC ilivyo katika kila mstari unaofuata, kwa kuwa mnunuzi atalinganisha mwongozo na herufi zilizochapwa kwenye kifaa, na kwenye kifaa hakujaandikwa "mkondo mnyoofu". Wala usiandike "umeme wa betri" kama fasili ya DC, ingawa wengi huielewa hivyo. Njia ya umeme inayotoka Inga hadi Kolwezi, ambayo ilikamilika mwaka 1982 ili kupeleka umeme kwenye migodi ya shaba ya Katanga, ni ya DC, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi na volti 500,000. Ile ya Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, ambayo ilianza kupitisha umeme mwishoni mwa mwaka 2022, ni ya DC pia, yenye volti hizohizo na urefu wa kilomita zaidi ya 1,000. Katika safari ndefu kiasi hicho mkondo mnyoofu hupoteza nguvu kidogo kuliko mkondo geu, na mitambo ya nchi mbili hailazimiki kwenda kwa mapigo sawasawa.

Jambo hili lina kinaya chake, kwa sababu umbali ndio ulioiangusha DC zamani. Kituo cha Thomas Edison cha mtaa wa Pearl, New York, kilichofunguliwa mwaka 1882, kilitoa DC ya volti 110 na kiliweza kuhudumia wateja wa karibu tu, takriban kilomita moja na nusu. AC ilikuwa na transfoma, ambayo hupandisha volti kwa safari na kuzishusha kwa matumizi. Volti zikipanda maradufu, mkondo hupungua kwa nusu na upotevu katika waya hushuka hadi robo. DC haikuwa na njia rahisi ya kufanya hivyo hadi vifaa vya kisasa vya kugeuza umeme vilipopatikana. Hata hivyo New York iliendelea kuwa na wateja wachache wa DC hadi Novemba 2007.

Mwisho, utakapofika kwenye herufi A ya faharasa yako, kumbuka kwamba mitaani AC ni kiyoyozi. Maduka ya sola huuza "AC ya DC", yaani kiyoyozi kinachotumia umeme wa paneli au betri bila inveta. Anayefasiri kwa kamusi ya umeme peke yake atapata mkondo geu wa mkondo mnyoofu.

ZamuYaUsiku alijibu:

Ndugu Msarifu, mimi ni muuguzi, na ile karatasi yako ya nne ndiyo iliyonifanya niandike. Tafadhali usiitafsiri D/C hiyo kwa kukisia.

Katika hati za hospitali zinazoandikwa kwa Kiingereza, D/C ina maana mbili ambazo zote ni za kawaida. Ya kwanza ni kumruhusu mgonjwa atoke wodini. Ya pili ni kusitisha dawa au matibabu. Sasa mwandishi aliyekusudia kuandika "dawa za kutoka nazo" akiweka D/C na chini yake akapanga majina ya dawa, msomaji mwingine anaweza kuelewa kwamba dawa hizo zote zimesitishwa. ISMP, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa matumizi ya dawa, imekiweka kifupisho hiki katika orodha yake ya vifupisho vinavyoleta makosa kwa sababu hiyohiyo: wagonjwa waliachishwa dawa walizopaswa kuendelea nazo. Fikiria ni mgonjwa wa presha au wa kifafa.

Hapa hakuna upatanisho wala kipimo cha kukuokoa. Jina la dawa na dozi yake vinafuata D/C katika maana zote mbili. Unaweza kutazama kama kuna tarehe ya kutoka, kama kuna idadi ya vidonge vya kuchukua dirishani, au kama orodha nyingine ya dawa imeandikwa chini yake, lakini hizo ni dalili tu. Njia sahihi ni kumrudia aliyeandika, na asipopatikana, tafsiri iseme wazi kwamba asili ina herufi D/C na kwamba maana yake inahitaji kuthibitishwa na daktari kabla mgonjwa hajaacha au hajaendelea na dawa yoyote. Hapa sikubaliani na Msarifu kwamba kukiacha kifupisho ni uvivu. Wakati mwingine ndio uaminifu wenyewe, ilimradi kiachwe pamoja na onyo.

Herufi hizo zikitenganishwa na alama ya "na", yaani D&C, ni jambo jingine kabisa: ni upasuaji mdogo wa kutanua mlango wa kizazi na kukwangua ukuta wa ndani wa kizazi chenyewe, ambao wodini na majumbani huitwa kusafishwa kizazi. Hufanywa baada ya mimba kuharibika na kwa sababu nyingine pia, kwa hiyo mfasiri asiongeze sababu ambayo hati haikuitaja.

Na kwa Ndugu FundiMkondo: DC yako tunayo pia. "DC shock" ni kuushtua moyo kwa mkondo mnyoofu ili urudi kwenye mapigo yake. Mwanzoni mashine zilitumia AC, hadi daktari Bernard Lown wa Boston alipoonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba mshtuko wa mkondo mnyoofu ni salama zaidi kwa moyo. Kwa hiyo faili la mgonjwa mmoja linaweza kuwa na DC iliyomrudisha na D/C iliyomruhusu kwenda nyumbani.

KijanaWaMaktaba alijibu:

Salaam kwa wote. Nitapita haraka kwenye maana ambazo hazijatajwa, kwa kuwa nyingi zinatambulika kirahisi.

DC ya Washington ni District of Columbia, jina linalotokana na Christopher Columbus. Sheria ya mwaka 1790 ndiyo iliyoagiza kwamba makao makuu ya Marekani yajengwe kando ya mto Potomac, katika eneo lisilo la jimbo lolote. Herufi hizo si pambo, kwa sababu upande wa pili wa nchi kuna jimbo zima linaloitwa Washington, lililo kwenye pwani ya Pasifiki. Mzee Karani huenda akafurahi kusikia kwamba tangu mwaka 1874 hadi 1967 wilaya hiyo ilitawaliwa na bodi ya makamishna watatu, kwa hiyo DC ilikuwa na makamishna wake pia, ingawa C ya jina si yao.

Katika ndege, DC ni Douglas Commercial, majina ambayo kampuni ya Douglas ya Marekani iliyapa matoleo yake ya kiraia. DC-3 iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililovunjika mwaka 1977, lilikuwa na DC-3 na baadaye DC-9. Kistari na tarakimu inayofuata vinatosha kuitambua. Katika tarakimu za Kirumi DC ni 600, na ukizigeuza herufi zikawa CD unapata 400. Anayefasiri namba za sura za vitabu vya kale asizione kuwa vifupisho. Wanaoshughulika na kompyuta huiita DC kituo cha data, lakini wao wenyewe hawakubaliani, kwa kuwa baadhi yao huitumia kwa seva inayodhibiti watumiaji wa mtandao wa ofisi.

Kisha kuna katuni za Batman na Superman. DC hiyo inatokana na Detective Comics, jarida lililoanza mwaka 1937, na kwa kuwa kampuni sasa inaitwa DC Comics, neno la katuni limo ndani ya jina mara mbili. Tusiwacheke, kwa sababu nasi tunaandika "Halmashauri ya Wilaya ya Moshi DC", ambayo ukiikunjua ni halmashauri ya wilaya ya Moshi halmashauri ya wilaya. Hilo ningependa liingie katika faharasa kama onyo: aliyekikunjua kifupisho asikiache tena mwishoni.

MwalimuWaKwaya alijibu:

Nami niongeze moja ya kwetu. Katika nota za nyimbo, za mistari na hata za sol-fa zinazotumiwa na kwaya nyingi za makanisani, D.C. ni maneno ya Kitaliano da capo, yaani rudi mwanzo kabisa wa wimbo. Hukaa mwishoni mwa mstari, mara nyingi pamoja na neno Fine, linaloonyesha mahali pa kumalizia baada ya kurudia. Nukta zake ni muhimu, na ndugu yake ni D.S., inayokurudisha kwenye alama fulani na si mwanzo. Mwanakwaya akizichanganya, sauti ya tatu itakuwa ubeti wa kwanza wakati wenzake wako kwenye kiitikio.

Kwa kuwa mmetaja tarakimu za Kirumi: Kitaliano, Kihispania na Kireno huandika d.C., kwa d ndogo, kwa maana ya baada ya Kristo, yaani BK yetu. Anayesoma maandiko ya Kireno kuhusu pwani yetu atakutana nayo. Mwaka 600 BK ukiandikwa kwa Kirumi na kwa Kireno pamoja utakuwa DC d.C., na sioni kwa nini mtu amfanyie msomaji ukatili huo.

Msarifu aliandika:

Ninawashukuru nyote. Nitaziacha nje katuni na kompyuta, kwa sababu wafasiri ninaowaandalia hawakutani nazo sana katika kazi zao, na ndege itapata mstari mmoja. Utawala, umeme na afya vitapata maelezo kamili, kila kimoja na alama yake ya utambuzi: upatanisho na mpangilio wa maneno kwa utawala, tarakimu na kipimo kwa umeme, na kwa afya agizo la kuuliza kabla ya kuandika. RDC itapewa kidahizo chake chenye maana zote mbili. Kuhusu kukiacha kifupisho, nimekubaliana na Fundi na Muuguzi kwa nyaraka zao, ila katika nyaraka za utawala nitashikilia kwamba mara ya kwanza jina liandikwe kamili, kwa kuwa hapo hakuna kifaa chenye herufi za kulinganisha.

Limebaki swali moja kwa Mzee Karani. Mwishoni mwa barua nyingi za serikali kuna orodha ya nakala, na humo herufi husimama peke yake, bila jina la mahali, bila kitenzi na bila kiunganishi. Mfasiri akikuta "Nakala: DC, DED, DAS", aandike nini kwa hiyo ya kwanza?

KaraniMstaafu alijibu:

Aandike Mkuu wa Wilaya. Nakala hupelekwa kwa mwenye ofisi atakayeifungulia jalada, na halmashauri katika orodha hiyo tayari imekwisha kupata yake kupitia kwa DED, ambaye ndiye anayepokea barua zake zote. DAS naye amewekwa kwa sababu ndiye mtendaji wa ofisi ya huyo DC. Pale ambapo orodha ina DC lakini haina DED, atazame kichwa cha barua: ikiwa imetoka kwa Mkurugenzi mwenyewe, bado ni Mkuu wa Wilaya, kwa kuwa mtu hajipelekei nakala, ikiwa imetoka wizarani au mkoani na inazihusu halmashauri kadhaa, mara nyingi utaona majina ya mahali yametangulia, na hapo anarudi kwenye kanuni ya kwanza.